Bingwa Anayeogopa Kupimwa



Najua baadhi yenu mtastaajabu kumwona mwalimu wa madrasa, mtu wa makamo, akishika kalamu kuandika habari za ngumi. Mimi si mpiganaji, wala sikupata kuwa mpiganaji. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na shule ya msingi, na kazi yangu kwa muda wa miaka 28 ni kuwasomesha watoto katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara, juu ya mji wa Lushoto, upande wa kwendea Magamba. Lakini mafunzo humjia mtu kwa njia asiyoitazamia, nami nilifundishwa jambo kubwa na watoto waliokuwa wakibishana juu ya mabondia. Nimeona si haki kulificha, maana hapana shaka wako wengine wenye maradhi niliyokuwa nayo.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, mwaka 2022. Siku ya Jumamosi, tarehe 3 ya mwezi huo, Hassan Mwakinyo, bondia wa Tanga, alipigana mjini Liverpool, Uingereza, na Liam Smith, mtu aliyepata kuwa bingwa wa dunia. Mwakinyo alishindwa katika raundi ya nne. Kwa kuwa Lushoto ni wilaya ya mkoa wa Tanga, watu wa kwetu humhesabu Mwakinyo kuwa mtoto wao, na habari ile iliwaingia vijana moyoni. Wengine walikuwa wameteremka mjini kutazama pambano katika kile kibanda ambacho vijana hukiita kibanda umiza, na wengine waliipata habari katika simu za kaka zao.

Kesho yake, baada ya sala ya Magharibi, wanafunzi wangu wakubwa walikaa barazani pa madrasa wakingoja Isha. Baridi ya kwetu mnaijua. Ukungu ulikuwa umekwisha shuka, na watoto wamejifunika mashuka ya mama zao. Mimi nilikuwa ndani nikitengeneza taa, nikiwasikia.

Mmoja alisema, "Mwakinyo amejitakia mwenyewe. Angebaki nyumbani akapigana na vibonde, asingepigwa."

Mwingine akamjibu, "Vibonde mpaka lini? Bingwa wa vibonde ni bingwa wa nini?"

Wa tatu akaleta habari ya Twaha Kiduku wa Morogoro, na hapo ugomvi ukawaka. Mnajua jinsi vijana wa Tanga na wa Morogoro walivyobishana miaka mingi kuhusu mabondia wawili hawa, nani angemshinda mwenzake wakikutana, na nani anamkimbia nani. Niliona sauti zinapanda, nikatoka.

Kwanza niliwakataza kumsingizia mtu woga. Dini yetu inatuamrisha kumdhania ndugu yetu mema, na mapambano ya ngumi za kulipwa hayafanywi kwa kutaka kwa bondia peke yake. Kuna mapromota, kuna mikataba, kuna fedha, na mambo hayo hayajulikani na mtu aliyekaa barazani Lushoto. Kisha niliwaambia kuwa Mwakinyo hakufanya aibu kwenda Liverpool. Niliwakumbusha habari ya tarehe 8 Septemba, mwaka 2018, alipokwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington, aliyepata kuwa bingwa wa Ulaya. Waingereza hawakumtazamia kushinda. Mara nyingi bondia wa Kiafrika huitwa Ulaya ili awe ngazi ya kupandia mwenzake, yaani yeye ndiye kibonde. Lakini siku ile Mwakinyo alimshinda Eggington katika raundi ya pili, na jina lake likajulikana. Basi mtu aliyepata jina kwa kumwendea mkubwa, akaja akamwendea mkubwa mwingine na kushindwa, hana la kulaumiwa. Mlango alioingilia ndio aliotokea.

Watoto walinyamaza wakinisikiliza, nami nikaona utamu wa kusikilizwa. Nikaendelea. Niliwapa habari za mabingwa wa zamani, kwa kuwa marehemu baba yangu alipenda habari za Muhammad Ali kuliko kitu chochote cha dunia. Mwezi wa Februari, mwaka 1980, Muhammad Ali alipokuja Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kwa habari ya kugomea michezo ya Olimpiki ya Moscow, mimi nilikuwa mtoto wa chuo. Baba aliketi na redio yake mlangoni akitukataza hata kukohoa. Ni yeye aliyenisimulia mapambano yote yale.

Niliwaambia watoto kuwa Muhammad Ali alishindwa na Joe Frazier mwaka 1971, akarudiana naye mara mbili, mwaka 1974 na mwaka 1975, akamshinda mara zote mbili. Ken Norton alimvunja taya mwaka 1973, naye akarudiana na Norton mwaka ule ule akamshinda. Kisha akamwendea George Foreman, ambaye wengi walimdhania kuwa atamwua. Foreman alikuwa amemwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili, na Norton naye hakumaliza raundi mbili. Ali alikuwa na miaka 32, Foreman miaka 25. Walikutana Kinshasa, Kongo, ambayo siku zile iliitwa Zaire, tarehe 30 Oktoba, mwaka 1974, na Ali akamwangusha katika raundi ya nane. Nikawaambia, "Wanangu, Ali alishindwa, tena zaidi ya mara moja. Wako mabondia waliostaafu bila kushindwa hata mara moja ambao ninyi hamwajui majina. Mbona huyu mnamjua? Kwa sababu hakuchagua."

Nikawatajia na mtu wa jirani zetu, Ayub Kalule wa Uganda. Kalule alizaliwa Kampala, akashinda dunia katika ngumi za ridhaa mwaka 1974, kisha akaenda kukaa Denmark, na mwaka 1979 akapata ubingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa huko Japani. Alipigana miaka mingi bila kushindwa. Mwaka 1981 akaja Sugar Ray Leonard wa Marekani, bingwa wa uzito wa chini yake, mmoja wa wapiganaji hodari kabisa wa zama zile. Kalule alisafiri mpaka Houston, katika nchi ya Leonard, akaweka mkanda wake mezani. Alishindwa katika raundi ya tisa. Alipoteza mkanda, akapoteza na rekodi yake safi. Lakini hata leo, wenye kujua mchezo ule wakihesabu watu waliompa Leonard kazi, humtaja Kalule. Mganda mwenzake John Mugabi, mwaka 1986, naye alimwendea Marvin Hagler akiwa hajashindwa, akaangushwa katika raundi ya 11, na heshima yake ikabaki.

Kisha niliwageuzia upande wa pili. Niliwaeleza jinsi bingwa anavyokimbia bila kuonekana anakimbia, kwani hakuna bingwa anayesema kwa kinywa chake, "Naogopa." Leo yako mashirika makubwa manne ya ngumi za kulipwa duniani, na kila moja lina mkanda wake. Shirika humwambia bingwa, "Fulani ndiye mpinzani wako wa lazima, pigana naye." Bingwa asipotaka, huanza kutaja sababu. Mara fedha ni ndogo. Mara ameumia mkono. Mara uzito haufai. Mara tarehe si nzuri. Mara yule mwenzake hajulikani, hana watazamaji. Siku zikipita, mpinzani huzeeka, na hapo ndipo bingwa husema, "Haya, na aje." Na akibanwa kabisa, huutema mkanda kuliko kuutetea. Mwezi wa Desemba, mwaka 1992, Riddick Bowe wa Marekani alitakiwa apigane na Lennox Lewis wa Uingereza, aliyekuwa amemshinda katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Bowe aliuchukua mkanda wake mmoja akautumbukiza katika pipa la taka mbele ya waandishi wa habari. Wawili hawa hawakupata kupigana tena mpaka wote wakaacha ngumi.

Na hata aliyedhulumiwa huweza kusahau. Jack Johnson, Mmarekani mweusi, alikataliwa miaka mingi kwa rangi yake. Alimfuata bingwa Tommy Burns mpaka Australia, na tarehe 26 Desemba, mwaka 1908, mjini Sydney, akamshinda akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, wa kwanza katika watu weusi. Lakini alipoukalia ubingwa, Sam Langford, mweusi mwenzake na mpiganaji mkali, hakupewa nafasi ya kuugombea hata mara moja, ingawa Johnson alikuwa amekwisha mshinda mwaka 1906. Baadaye Jack Dempsey alishika ubingwa ule tangu mwaka 1919 hadi mwaka 1926, na Harry Wills, mweusi aliyestahili kupewa nafasi, alingoja miaka yote hiyo asiipate. Hapo ubaguzi na mapromota walikuwa na sehemu kubwa ya lawama. Walakini kitabu cha ushindi wa Dempsey kina ukurasa mtupu, na kila anayekisoma huuona.

Basi niliyasema hayo yote kwa sauti ya mtu anayejua. Nikamaliza kwa kusema, "Mkanda ni wa yule aliye tayari kuuweka chini ili uchukuliwe na anayemzidi. Anayeukumbatia ameazima tu." Watoto wakatikisa vichwa. Nikaridhika na nafsi yangu.

Ndipo mtoto mmoja wa miaka 12, mtoto wa jirani, mwenye adabu kuliko wote, akainua mkono kama tulivyowafundisha. Akasema, "Samahani, mwalimu. Na sisi mbona hatuendi kushindana na madrasa ya bondeni?"

Ndugu zangu, nitawaelezeni maana ya swali lile, nanyi mtajua kwa nini taa ilinitetemeka mkononi.

Katika vijiji vya kwetu madrasa zimezoea kushindana kusoma Kurani katika mwezi wa Mfungo Sita, wakati wa Maulidi. Madrasa yangu ilikuwa imeshinda miaka tisa mfululizo. Zawadi ya kwanza tuliyopata ilikuwa saa ya ukutani, nami niliitundika mbele ya darasa, juu ya ubao, ili kila mzazi anayeingia aione. Watu walinisifu. Waliniita kuwa mwalimu wa walimu. Nami nilikuwa nikijiambia kuwa sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, lakini moyoni nilikuwa nikichukua sehemu yangu.

Miaka mitatu kabla ya usiku ule, alikuja kijana mmoja akafungua madrasa chini yetu, bondeni. Alikuwa na umri mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alikuwa amesoma miaka mingi kwa walimu wa tajwidi, akapata ijaza. Mwaka wake wa kwanza aliniandikia barua ya heshima sana, akitaka watoto wake waje kushindana na wangu. Nilimjibu kuwa mvua za vuli zimeharibu njia. Mwaka wa pili akaandika tena. Nilimjibu kuwa watoto wamo katika mavuno ya viazi pamoja na wazazi wao. Mwaka wa tatu nilimjibu kuwa wanafunzi wakubwa wana mitihani ya shule. Na kila mwaka, katika mvua ile ile, mavuno yale yale na mitihani ile ile, niliwachukua watoto wangu nikaenda nao kushindana na madrasa mbili tatu za vitongoji vya juu, ambazo walimu wao mimi mwenyewe nimewasomesha. Tukashinda. Tukarudi tukiimba kasida.

Hao ndio waliokuwa vibonde wangu.

Nilimjibu mtoto yule kwa ukali. Nilimwambia kuwa mambo ya wakubwa hayamhusu, na kwamba Isha imefika, waende wakatawadhe. Alisema, "Nisamehe, mwalimu," akainamisha kichwa akaenda. Nilisalisha Isha wala sijui nilisoma sura gani.

Nyumbani mama watoto aliona sili. Aliniuliza, nami nikamweleza jinsi mtoto alivyokosa adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema maneno machache tu, "Adabu hakukosa, baba. Amekuuliza." Kisha akaondoa sahani.

Usiku ule niliyakumbuka mafundisho ambayo mimi mwenyewe huyasomesha. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu si yule anayewabwaga wenzake, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Nami nilikuwa nimeghadhibika kwa mtoto wa miaka 12 aliyesema kweli. Nikaikumbuka habari ya Rukana, aliyekuwa na nguvu za mieleka kuliko watu wote wa Makka. Imepokewa kwamba Mtume alishindana naye akambwaga, wala hakutafuta mnyonge wa kushindana naye. Nikaikumbuka na habari ya Nabii Musa (a.s.) katika Sura ya Kahfi. Aliulizwa ni nani mwenye elimu zaidi ya watu wote, akajitaja mwenyewe. Ndipo Mwenyezi Mungu alipomjulisha kuwa yuko mja wake penye makutano ya bahari mbili, ajuaye asiyoyajua Musa. Musa hakutoa udhuru wa mvua wala wa mavuno. Alifunga safari, akiwa Mtume mwenye kitabu, akamwomba yule mja amfuate ili amfundishe. Habari hiyo nimeisomesha mara ngapi? Hata hesabu sina. Na wazee wetu Wasambaa husimulia kuwa Mbegha, aliyeanzisha ufalme wa Vuga, alipata sifa kwa kumwua simba. Sikupata kumsikia mzee aliyesimulia habari ya mtu aliyepewa ufalme kwa kuua sungura.

Asubuhi niliteremka bondeni kwa miguu. Ni mwendo wa nusu saa, lakini siku ile niliuona kuwa mrefu kuliko barabara ya kutoka Mombo. Yule kijana alikuwa akifagia uwanja. Aliponiona aliuweka ufagio chini akaja mbio akasema, "Shikamoo, mwalimu," akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yote yakanipotea. Nikasema, "Ustadhi, nimeleta jibu la barua zako tatu."

Tulishindana mwezi wa Oktoba, katika Mfungo Sita. Watoto watano walitoka kwangu na watano kwake, na waamuzi walikuwa watu wa mbali. Katika nafasi tano za kwanza, wake walipata nne. Wangu alipata moja, ya tano, naye ni yule yule mtoto aliyeniuliza swali. Watu wa kijiji changu walikuwapo, na wazazi walikuwapo. Sikuimba kasida wakati wa kurudi.

Ningeishia hapo mngesema ni habari ya mtu aliyepoteza mashindano, na hayo ni mambo madogo. Lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Waamuzi walipotoa hesabu yao walisema, kwa upole, kuwa watoto wa madrasa yangu wote wana kosa moja. Hawakuitamka herufi ya dhaad kwa haki yake. Waliitamka kama dhaa. Dhaad hutoka ubavuni mwa ulimi unapogusa magego ya juu, na dhaa hutoka kwenye ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno ya mbele ya juu. Kosa hili halikuwa la watoto. Lilikuwa langu. Ndivyo nilivyosomeshwa nami utotoni, nikakua nalo, nikawapa watoto wa watu kwa muda wa miaka 28.

Na herufi ile imo ndani ya Alhamdu, mwisho wake. Kila mtoto aliyepita mikononi mwangu huisoma katika kila rakaa ya kila sala. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wameikazia sana herufi hii. Asiyeweza kujifunza amesamehewa. Bali anayeweza, akaacha, hana udhuru. Na mimi nilikuwa nimeweza. Kwa miaka mitatu mwenye kunisahihisha alikuwa nusu saa tu kutoka mlangoni kwangu, akiniandikia barua, nami nikimjibu habari za viazi. Nilikuwa nikiilinda saa ya ukutani, huku sala za watoto zina kasoro.

Hapo ndipo nilipofahamu hasara halisi ya bingwa anayekimbia. Watu hudhani kuwa anayedhulumiwa ni yule mpinzani aliyenyimwa nafasi, na kweli anadhulumiwa. Lakini bingwa mwenyewe hudhulumika zaidi, maana hapana awezaye kumwonyesha kosa lake ila yule anayemzidi. Kibonde hawezi kukuonyesha kuwa mkono wako wa kushoto umeshuka. Huanguka kabla hajauona. Unarudi nyumbani na ushindi, na kosa lako umerudi nalo. Mwaka hata mwaka linakua, nawe unadhani unakua wewe.

Katika jambo hili, ndugu zangu, yafaa nitahadharishe mambo mawili, nisije nikaeleweka vibaya.

La kwanza, siwahimizi vijana wetu waende ulingoni. Mtume wetu amekataza kupiga uso, na mchezo wa ngumi umejengwa juu ya kupiga uso na kichwa. Baraza la Fikihi la Makka, katika kikao chake cha mwaka 1987, lilitoa uamuzi kuwa ngumi za namna hii ni haramu kwa sababu ya madhara yake. Muhammad Ali mwenyewe aliugua maradhi ya kutetemeka, na kuanzia mwaka 1984, yalipotambuliwa na madaktari, aliishi nayo mpaka alipofariki tarehe 3 Juni, mwaka 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu. Basi katika habari za mabondia tuchukue mazingatio, ngumi tuwaachie wenyewe.

La pili, si kila aachaye ugomvi ni mwoga. Anayetukanwa sokoni akanyamaza, anayedhulumiwa na jirani akasamehe, huyo amepigana na nafsi yake na kuishinda, nayo ni mpinzani mkubwa kuliko Foreman. Kuacha ugomvi kwa ajili ya Mungu ni nguvu. Ninayoilaumu mimi ni ile hali ya mtu kukwepa kupimwa, na huku anaendelea kuvaa mkanda. Jiulizeni tu, "Je, ningekuwa na hakika ya kushinda, ningeukubali mwaliko huu?" Kama jibu ni ndiyo, basi yale mavuno na mvua si sababu.

Na maradhi haya hayako ulingoni wala madrasani peke yake. Yuko kijana hodari wa hesabu katika shule yake ndogo, ambaye hataki kwenda shule kubwa kwa kuogopa kuwa wa ishirini. Yuko fundi asiyetaka fundi mwenziwe aione kazi yake. Yuko baba anayependa kuzungumza dini na watoto wake wadogo tu, kwa kuwa mkubwa amesoma na humwuliza maswali. Kila mmoja wetu ana mkanda wake, na kila mmoja anajua barua za nani hajazijibu.

Sasa nitawaambieni hali ilivyo kwangu. Baada ya mashindano yale, wazazi wawili waliwatoa watoto wao kwangu wakawapeleka bondeni. Iliniuma, wala sitasema kuwa haikuniuma. Watoto wale hawakurudi, na wanasoma vizuri huko waliko. Saa ya ukutani niliiteremsha juu ya ubao, nikaitundika nyuma ya mlango, kwani bado twahitaji kujua wakati.

Kila siku ya Alhamisi, baada ya Alasiri, madrasa inapofungwa, nateremka bondeni nikaketi mbele ya Ustadhi, mimi mwenye mvi, pamoja na watoto wa miaka minane. Ulimi uliozoea hamsini haugeuki kwa mwezi mmoja. Mwanzoni watoto walikuwa wakicheka. Sasa wamezoea, na mmoja wao hunishikia nafasi ukutani ili niegemeze mgongo. Miezi saba ilipita ndipo Ustadhi aliponisikiliza Alhamdu mpaka mwisho bila kunisimamisha. Hakusema kitu. Alifungua ukurasa wa Alif Lam Mim akasema, "Tuendelee, mwalimu."

Wanafunzi wangu wa sasa nimewasahihisha. Waliokwisha ondoka nawatafuta mmoja mmoja. Wengine wako Tanga, wengine Dar es Salaam, wengine wamekuwa mababa na wanawasomesha watoto wao kosa nililowapa. Nikikutana nao sokoni Lushoto au kituo cha mabasi Soni, huwashika mkono tukasimama pembeni, nikawaambia, "Nisomee Alhamdu, mwanangu. Nilikukosesha mahali, nami nataka nirekebishe kabla sijafa." Hakuna hata mmoja aliyenidharau kwa hilo.

Kwa hiyo namwomba kila msomaji aliyepata kukaa kwa mwalimu wa kijijini kama mimi, akaisome Alhamdu yake mbele ya mtu anayejua kumzidi. Akiambiwa imesihi, na amshukuru Mungu. Na akiambiwa ina kasoro, na amshukuru Mungu mara mbili.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoikubali haki, hata itokapo kwa mdogo wetu, na atulinde na sifa tusizozistahili. Amin.

Wabillahi tawfiq.